Mnaoanza kuandikia watu wasifu, kisa cha Thomas Hardy kinawahusu

Nyie mnaoingia kwenye hii kazi ya kuandikia watu vitabu vya maisha yao, mstaafu kakuita sebuleni, kakuletea soda na bahasha ya picha za zamani, anataka kitabu kitoke mapema, basi kabla hujawasha rekoda kaa na kisa cha Thomas Hardy kichwani. Huyu ni Mwingereza wa Dorset, mtu wa riwaya na mashairi, kazaliwa 1840, kafariki Januari 1928. Mwaka huohuo ikatoka juzuu ya kwanza ya maisha yake, ya pili ikafuata 1930, na jina la mwandishi ni la mkewe, Florence. Watu wakasoma wakijua mjane kamwandikia mumewe. Kumbe sehemu kubwa kaandika marehemu mwenyewe, kajiita "yeye" mwanzo mwisho, kazi aliyoianza kwenye mwaka 1917 hivi.

Ufundi wenyewe sasa. Mzee anaandika kwa mkono, Florence anataipu kopi tatu, ya juu na mbili za kaboni, halafu ule mswada wa mkono unateketezwa. Akitaka kusahihisha anaanza na kopi ya chini kabisa, na kuna sehemu kaandika kwa mwandiko wa kujificha, maana alisomea usanifu majengo na mkono wa kuchora herufi alikuwa nao. Kopi ya kwenda kwa wachapaji inabaki na mwandiko wa Florence tu, maana yeye ndo anahamishia masahihisho. Yaani hapo hata ungekuwa mpelelezi ungepata tabu.

Kwa hiyo mteja akikusimulia usihangaike sana kutafuta uongo, tafuta alichoruka. Hardy kaanza kitabu na ukoo wa zamani ulotoka kisiwa cha Jersey, ukoo wenye jina, ila kwamba mama yake alikuwa mpishi kwenye nyumba za watu hilo hulioni. Wazazi walioana Desemba 1839, yeye kazaliwa tarehe 2 Juni, piga hesabu mwenyewe, nalo kimya. Mi simlaumu sana, alikuwa mtu mkubwa kwenye nchi inayopima watu kwa ukoo, na waandishi wa kumchunguza walishaanza kumkera. Ila wewe omba vyeti. Cha ndoa, cha kuzaliwa, cha shule, uviweke mezani pembeni ya simulizi, na usimkabili mzee mbele ya wajukuu, subiri mkiwa wawili.

Shajara nazo ni mtego. Kile kitabu kimejaa nukuu za madaftari yake, tarehe zipo, zinavutia kweli, lakini madaftari mengi yalichomwa, kwa hiyo hakuna wa kujua alinakili kama ilivyokuwa au alirekebisha akiwa na miaka karibu themanini. Ukipewa nukuu iliyokwisha taipiwa, omba daftari lenyewe, piga picha ukurasa mzima, sio ule mstari tu anaokuonyesha.

Halafu kuna hili ambalo wageni wa kazi hii hawaliwazi kabisa. Hardy kafa, Florence kabaki na kopi za taipu na kalamu. Bi mkubwa Emma, mke wa kwanza aliyefariki 1912, akapunguzwa kwenye kurasa, maneno makali ya Hardy kwa wahakiki yakakatwa, J. M. Barrie rafiki wa familia naye akatoa ushauri wake wa nini kiongezwe. Jamaa alipanga kila kitu miaka yote hiyo, mwisho mke wa pili ndo akashika mkasi, si unajua tena mambo ya wake wenza. Msomi mmoja Mmarekani, Richard Purdy, akaja kuchapisha ushahidi wa nani aliandika mwaka 1954, na 1984 Michael Millgate akatoa toleo linalorudisha maneno ya Hardy, na kilichomwezesha ni kwamba zile kopi za taipu zilibaki.

Kwa hiyo kila rasimu itunze na tarehe yake, usiandike juu ya faili la jana. Na kwenye mkataba, kabla ya kuongelea bei, andikeni jina la nani litakaa kwenye jalada na nani ana ruhusa ya kukata kitu mzee akiwa hayupo. Watoto watakuja na kalamu zao, na mara nyingi watakupigia simu wewe ndani ya arobaini.