Mkono wa kulia unalia nini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu wa darasa la tatu kaniuliza, "Mama, mkono wa kulia unalia nini?" Nimekosa jibu. Halafu, mbona simu nayo hulia kama mtoto?
Mama wa wawili, Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Mkono huo haulii, unakula! Hapo pana vitenzi viwili vilivyogongana njiani. Kimoja ni kula. Kikiingia kauli ya kutendea huwa kulia, yaani kula kwa kutumia kitu, au kula mahali fulani. Ndiyo maana tuna chumba cha kulia, na hatuingii humo na leso.

Mimi somo hili nililipatia kwenye sinia, Pangani. Nimezaliwa shoto. Kila nilipopeleka mkono wa kushoto kwenye wali, bibi alinichapa vidole: "Wa kulia!" Basi nikaulia ule mwingine huku nalia. Vitenzi vyote viwili hivyo hapo.

Wazulu nao huuita isandla sokudla, mkono wa kula.

Kulia kwa machozi ni neno jingine, na zamani lilikuwa refu kidogo. Wanyarwanda husema kurira. Mvua kwao ni imvura, njaa ni inzara. Ile r yao, ambayo kwa Wabantu wengine ni l, sisi tumeimeza. Lakini haikuyeyuka, ukilinyambua neno, inachungulia: mtoto akililia wembe, mpe. Mpe na mwanao mtihani huu: "analia kijiko" na "analilia kijiko". Wa kwanza anakula kwa kijiko, wa pili anakitaka.

Ama simu, kwetu kulia hakudai machozi. Ni kutoa sauti tu: kengele hulia, ng'ombe hulia, bunduki hulia. Nomino ndizo zilizogawana kazi. Simu ina mlio. Kilio ni cha watu, na mtu akikuambia yuko kilioni, usimuulize kalizwa na nani. Mpe pole.

Kuna mwanafunzi wangu aliwahi kuandika "kilio cha simu kiliniamsha", nikamkata alama. Siku hizi yangu ikilia alfajiri ni watu wanaonidai. Nikimwona nitamrudishia alama yake.