Unataka kuripoti tamasha la filamu? Maswali yenu kutoka kandokando ya ziwa

Tangu niandike hapa kwamba mwandishi wa Mwanza anaweza kuomba ithibati, yaani kitambulisho cha wanahabari, kwenye tamasha la filamu la Berlin au Toronto sawa na mwandishi mwingine yeyote, meseji hazijakatika. Wengine mnauliza kwa nia, wengine mnanicheka. Leo nawajibu wote, hata wa kundi la pili.

Shikamoo. Nasoma uandishi wa habari hapa Malimbe, mwaka wa tatu. Sina ajira. Ithibati nitaipata kweli?
*Mwanafunzi, Malimbe*

Marahaba. Kwa kadi ya chuo peke yake, usitegemee. Tamasha kubwa linapofungua maombi hutaka kujua unamwandikia nani, umeshaandika nini kuhusu filamu, na chombo chako kinasomwa au kusikilizwa na nani. Barua ya mhariri yenye nembo, sahihi na tarehe ndiyo roho ya ombi lako. Baada ya hapo wanataka kuona kazi zilizotoka karibuni, jina lako likiwa juu yake. Habari za kikao cha madiwani hazihesabiki, hata kama uliziandika vizuri kuliko wote pale ukumbini.

Kwa hiyo tafuta mhariri mmoja akupe nafasi ya uchambuzi wa filamu, hata mara mbili kwa mwezi, hata bila malipo kwa kuanzia (najua, linauma). Chambua filamu zetu kwa umakini uleule ambao ungeitazama ya Marekani. Usiandike hadithi nzima ya filamu mpaka mwisho na kuiita uchambuzi.

Angalia kalenda pia. Tamasha la Berlin hufanyika Februari, na maombi hufunguliwa miezi kadhaa kabla, huku kwetu tukiwa tunahangaika na mvua za vuli. La Toronto ni Septemba. Anayekumbuka kuomba baada ya kuona picha za zulia jekundu kwenye simu, mwaka huo umeshampita. Na jaza fomu kwa jina lililo kwenye pasipoti. Jina la kalamu litakuponza mlangoni.

Kaka, mimi ni mtangazaji wa redio ndogo ya jamii. Hawa watu wa ulaya wanaijua Sengerema? Na nikifika nitaripoti vipi?
*Mtangazaji, Sengerema*

Hawaijui, na hiyo si dosari. Kwenye ombi eleza wasikilizaji wako ni nani, wanaishi wapi, wanakusikiliza kwa lugha gani. Ofisi ya habari ya tamasha hupokea maombi kibao kutoka London na Paris. Redio ya Kiswahili inayosikika visiwani na kwenye mialo ya wavuvi inawapa kitu ambacho hawana.

Suala la kuripoti linahitaji hesabu ya saa. Septemba, Toronto iko nyuma yetu kwa saa 7. Kipindi chako cha asubuhi kikianza saa moja, kwao ni saa sita usiku, filamu ya mwisho ndiyo kwanza inatoka. Hilo ni zuri kwako, kwa sababu unaingia hewani na habari ya moto kabisa. Gazeti la kuchapwa ndilo linaloumia: saa kumi na moja jioni ya Toronto, Mwanza ni saa sita usiku na kurasa zimeshafungwa.

Ndani ya ukumbi huruhusiwi kurekodi hata sekunde moja. Sauti utazipata kwenye mkutano wa waandishi baada ya onesho, na kwenye mahojiano ya meza, ambako mnakaa waandishi kadhaa na mwongozaji mmoja kwa dakika chache. Ukimkuta msanii anayejua Kiswahili, muulize kwa Kiswahili. Wenzako mezani watanuna kidogo; watapona. Saa za tiketi zisome mara mbili, maana 19:30 yao ni saa moja na nusu jioni yetu, na milango haimsubiri mtu.

Ithibati nimepata. Sasa viza?
*Mwandishi wa kujitegemea, Nyegezi*

Hongera, ila ithibati haifungui mpaka. Kwa Ujerumani unahitaji viza ya Schengen, ile inayotumika kwa nchi nyingi za ulaya kwa pamoja. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukikataliwa hairudi. Utatakiwa kuwa na bima ya safari ya kugharamia matibabu kwa kiwango kisichopungua euro 30,000. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Hizo siku 15 usizichezee: alama za vidole unatoa mwenyewe, Dar es Salaam, kwa hiyo kuna nauli ya kwenda na kurudi kabla hata hujaiona ndege ya ulaya. Ukishazitoa mara moja, vidole hukaa kwenye mfumo karibu miaka 5.

Mwandishi wa kujitegemea huulizwa zaidi kuhusu fedha na sababu ya kurudi nyumbani. Barua ya tamasha, barua ya mhariri, taarifa ya benki ya miezi ya nyuma inayoonesha pesa inaingia na kutoka kwa kawaida. Mamilioni yaliyowekwa juzi na shemeji yanaonekana wazi.

Kama hayo yote yanakuchosha, angalia Durban. Tamasha lao lipo tangu 1979, hufanyika katikati ya mwaka, na Mtanzania haombi viza kuingia Afrika Kusini kwa safari fupi.

Je, wanatoa bahasha?
*Sijaweka jina, Buzuruga*

Hapana. Wala nauli, wala posho ya chakula. Utapewa kitambulisho, ratiba na pengine mfuko wa kitambaa.

Wewe kijana unawapeleka vijana wetu kwa watu waliotudhalilisha. Umesahau mapanki?
*Mzee, Kirumba*

Sijasahau, mzee wangu, na swali lako ndilo lililonifanya niandike mfululizo huu.

Kwa wasiokumbuka: filamu ambayo Mwanza nzima iliita ya mapanki, jina lake lilikuwa Darwin's Nightmare. Hubert Sauper, mwongozaji kutoka Austria, aliitengeneza hapa: uwanja wa ndege, viwanda vya minofu ya sangara, watoto wa mitaani, na yale mapanki, mifupa na vichwa vinavyobaki minofu ikishaondoka. Ilioneshwa kwenye tamasha la Venice, Italia, mwaka 2004. Mwanzoni mwa 2006 ilikuwa miongoni mwa filamu 5 za makala zilizowania Oscar. Wengi wetu hapa tulianza kuisikia vizuri mwaka huohuo, Rais Kikwete alipoikemea hadharani, na mjini kukawa hakuna mazungumzo mengine. Tangu Venice ilikuwa imepita miaka karibu 2. Dunia ilishaitazama, ikaisifu na kuitunuku, ndipo wenye ziwa tukaanza kubishana kama ni kweli au uongo.

Sasa mweke mwandishi wa Mwanza kwenye kiti cha mbele siku kama ile, kipaza sauti kikiwa mkononi. Angeuliza mambo ambayo mwandishi wa Roma hawezi hata kuyafikiria. Mapanki yale yaliyoanikwa nani anayanunua, na mangapi yanakwenda kwenye chakula cha kuku? Kilo ya sangara mwaloni ilikuwa shilingi ngapi siku mliyopiga picha? Hiyo habari ya filamu yenu kwamba ndege za minofu huja na silaha, ushahidi wake ni upi, na nani mwingine ameuona? Halafu angeandika majibu usiku uleule, sisi tukayasoma asubuhi.

Wala asingekwenda kumtetea mwenye kiwanda au serikali. Watoto wale walikuwepo, na hakuna mtu wa mjini hapa anayeweza kusema hakuwahi kuwaona. Ndiyo maana ningemwamini yeye kuliko msemaji yeyote wa wizara.

Hapo ndipo faida ilipo, mzee. Mwaka 2021 Toronto walionesha filamu ya Amil Shivji iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, Vuta N'kuvute. Wengi wetu tuliisoma riwaya hiyo kidato cha tano na sita, tukaifanyia mtihani. Mwandishi wa Kanada alikuwa anakutana na Yasmin, mhusika mkuu, kwa mara ya kwanza. Wewe unajua kipi kimeachwa, kipi kimeongezwa, na unaweza kumuuliza mwongozaji kwa nini. Filamu ya nyota wa Hollywood itaandikwa na waandishi mia tano usiku huohuo. Mia tano na moja haimwongezei mtu wa Igoma chochote.

Kwa siku naweza kuona filamu ngapi? Na naandikaje gizani?
*Msomaji, Musoma*

Ratiba itakuruhusu 5. Macho yatakuruhusu 3. Ya nne utaandika jina la mhusika wa ya pili.

Gizani andika kwa herufi kubwa, mistari michache kwa ukurasa, na simu ibaki mfukoni: mwanga wake utaleta mhudumu kabla hujamaliza sentensi. Kuna jambo jingine ambalo wageni hawalizoei, nalo ni zuio la muda. Wanahabari mara nyingi huoneshwa filamu kabla ya watazamaji wa kawaida, kwa sharti kwamba uchambuzi usitoke kabla ya saa iliyotajwa. Ukivunja, hata kwa mstari mmoja kwenye mitandao, mwakani jina lako halipiti.

Sina nauli ya kwenda kokote. Basi nikae?
*Msomaji, Nansio*

Hapana. Berlin hurusha mikutano yake ya waandishi moja kwa moja kwenye tovuti yao, bure. Huwezi kuuliza, ila unaweza kusikiliza, ukanukuu na kutaja ulikoitoa.

Na usiidharau Zanzibar. Tamasha la Nchi za Jahazi, ambalo wengi huliita ZIFF, lilianzishwa 1997, na maonesho yake ya Ngome Kongwe yanavuta waongozaji kutoka pande zote za bahari. Pale mwongozaji anakunywa chai benchi moja na wewe, hana walinzi. Toka na meli mpaka Mwanza, basi la usiku mpaka Dar, boti mpaka Unguja. Kama utaomba Berlin baadaye, kazi ulizoandika kule ndizo utakazoambatisha.

Nivae nini?
*Dada wa Bukoba*

Berlin, Februari: koti zito, soksi mbili, viatu visivyoteleza, maana maji huganda njiani. Toronto, Septemba: kama Bukoba asubuhi. Cannes, tamasha la Ufaransa, kwenye maonesho makuu ya jioni, wanaume suti nyeusi na tai ya kipepeo, wanawake gauni la jioni, na hapo mlangoni hawana mjadala. Kwingine kote wanahabari huvaa ovyo kuliko unavyodhani.