"Anakula lakini anafanya kazi": je, kiongozi wa namna hii tumpigie kura?

SWALI

Assalaam alaykum Sheikh. Mimi ni mama, mkulima wa miwa hapa Mumias. Nyumbani kwangu kuna ubishi usiokwisha kuhusu uchaguzi wa 2027. Mume wangu husema tutazame kazi tu: kiongozi akila lakini barabara ikajengwa, maadili yake ni baina yake na Mola wake. Kaka yangu asema heri mtu wa swala tano, hata kama hajui kusoma bajeti. Nani ana haki? La pili, kijana wangu alipokea shilingi 500 kutoka kwa wakala wa mtu anayetaka uwakilishi wadi, na akaapishwa kwa msahafu kwamba atampigia. Wenzake wanacheka, wanasema "kula kwake, kura kwetu." Hukumu yake ni ipi? La tatu, nikitaja makosa ya kiongozi mbele ya akina mama wenzangu kwenye chama chetu, huwa nasengenya?

JIBU

Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yetu. Himidi zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wake.

Mumeo na kaka yako kila mmoja ameshika nusu ya aya moja. Binti wa yule mzee wa Madyan, baada ya kumwona Nabii Musa akiwanyweshea mifugo yao maji, alimwambia baba yake amwajiri, kwani "mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu, mwaminifu" (Al-Qasas, 26). Sifa zimetajwa mbili. Nabii Yusuf naye alipoomba asimamie hazina za Misri alijieleza kwa mawili: kwamba ni mlinzi na ni mjuzi (Yusuf, 55). Hakusema tu kwamba ni mtoto wa manabii.

Nguvu inayotajwa hapa haihusu misuli. Kila kazi ina nguvu zake. Ya hakimu ni kuijua sheria na kuthubutu kuitekeleza kwa mkubwa kama anavyoitekeleza kwa mdogo. Ya mtunza fedha ni hesabu. Uaminifu nao wanazuoni wameueleza kwa mambo matatu: kumcha Allah, kutowaogopa watu katika haki, na kutouza haki kwa thamani ndogo.

Tuiteremshe aya hii barabarani, maana hapo ndipo mumeo anapotolea hoja yake. Chukua barabara ya changarawe ya kilomita 2, upana mita 5, ambayo mkataba wake unataka tabaka la milimita 150 baada ya kushindiliwa. Hiyo ni mita za ujazo 1,500. Mkandarasi akiweka milimita 100 badala ya 150, mita za ujazo 500 hazikufika, yaani malori 50 ya mita za ujazo 10 kila moja, na kwa kuwa changarawe ya kumwaga hujaa zaidi ya iliyoshindiliwa, kwa kweli malori yaliyopotea yanapita 50. Siku ya uzinduzi hakuna atakayeona kitu. Barabara ni nyekundu, laini, watu wanapiga vigelegele. Mvua za masika zikija, magari ya miwa yakipita, tabaka jembamba linapasuka, maji yanaingia chini, na kufikia Agosti mashimo yamerudi.

Kabla ya malipo, mhandisi alipaswa kuchimba vijishimo kadhaa, apime unene kwa rula, kisha atie sahihi hati ya malipo. Iko pia kamati ya ukaguzi na upokeaji inayotakiwa na sheria ya ununuzi wa umma ya 2015. Mhandisi asiye na nguvu hatajua kwamba 100 si 150, au atajua lakini hatakuwa na la kusema mbele ya mkandarasi anayejulikana kwa gavana. Mhandisi asiye mwaminifu atapima vizuri sana, aone 100, aandike 150. Matokeo ya hao wawili ni barabara ileile moja. Ndiyo maana aya haikutenganisha yale maneno mawili.

Sasa nimjibu mumeo sawasawa. Ni kweli wanazuoni walitofautisha dhambi ya mtu binafsi na kazi yake. Imam Ahmad bin Hanbal aliulizwa kuhusu makamanda wawili wa vita, mmoja hodari mwenye maovu, mwingine mwema lakini dhaifu: ni nani wa kupigana pamoja naye? Akajibu kwamba ushujaa wa yule wa kwanza ni faida ya Waislamu na maovu yake ni juu ya nafsi yake, ilhali wema wa yule dhaifu ni wake mwenyewe na udhaifu wake ni hasara ya Waislamu. Wengi huishia hapo, wakachukua jibu la vita wakalipeleka kwenye hazina. Wanazuoni walewale walisema kwamba katika kulinda mali, uaminifu hutangulizwa. Na rushwa si ovu lililo "juu ya nafsi yake" hata kidogo. Mlevi anayekunywa nyumbani kwake na bado anapima barabara kwa haki amejidhulumu mwenyewe. Anayeuza vipimo vya barabara amedhulumu kila anayeipita.

Tena maneno "anakula lakini anafanya kazi" yanadhani kwamba mlaji anamega kipande kidogo juu ya mkate, na unaobaki unatufikia ukiwa mzima. Haiendi hivyo. Ili yale malori 50 yapotee kimya, kiongozi anahitaji mhandisi asiyepima, kamati inayotia sahihi bila kufika, mhasibu anayenyamaza, na mkandarasi aliyechaguliwa kabla ya zabuni kufunguliwa. Watu wa namna hiyo hawapatikani kwa sifa, hupatikana kwa kujuana. Basi ataajiri shemeji, mtoto wa rafiki, na mtu ambaye ana siri yake mkononi. Siku akitaka kwa dhati dawa zifike hospitali ya kaunti, hana wa kumtuma ila haohao, na hawezi kumfukuza hata mmoja kwa sababu kila mmoja anajua alichokula mwenzake. Wakandarasi wema nao wanajiondoa. Waliobaki, wakijua malipo hayatoki mpaka "mkono uende kinywani," huongeza bei mapema kwenye zabuni ijayo. Kwa hiyo barabara ya pili ni ghali kuliko ya kwanza na nyembamba kuliko ya kwanza.

Mtume (s.a.w.) alilikata hili mwanzoni kabisa. Alimtuma mtu wa kabila la Azd, Ibn al-Lutbiyya, akakusanye zaka za Banu Sulaym. Aliporudi akasema: hii ni yenu, na hii nimepewa zawadi. Mtume akapanda mimbari akauliza kwa nini asiketi nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama hiyo zawadi ingemfuata (Bukhari na Muslim). Kipimo ni hicho: toa cheo, je, zawadi inabaki? Katiba ya Kenya ya 2010, katika Sura ya Sita, kifungu cha 76, imefika mahali hapohapo: zawadi anayopewa afisa wa taifa katika hafla ya umma au ya kikazi ni mali ya Jamhuri na lazima ikabidhiwe serikali, isipokuwa ile iliyoruhusiwa na sheria ya Bunge. Na kama zawadi inaonekana jambo kubwa, Mtume alisema pia kwamba atakayepewa kazi kisha akaficha sindano au zaidi yake, hiyo ni hiyana atakayokuja nayo Siku ya Kiyama. Aliposikia hayo, mtu mmoja katika Ansari alisimama akaomba arudishe kazi aliyokuwa amepewa (Muslim).

Kwa kaka yako maneno ni machache zaidi, ila ni mazito. Abu Dharr alikuwa mkweli na mchaji kuliko wengi wetu tutakavyowahi kuwa. Alipoomba uongozi, Mtume alimpiga begani akamwambia: wewe ni dhaifu, na hiyo ni amana, na Siku ya Kiyama ni fedheha na majuto ila kwa atakayeichukua kwa haki yake (Muslim). Kwa hiyo mtu wa swala tano asiyejua bajeti, mpe uimamu, mpe malezi ya watoto wa madrasa. Usimpe hazina ya kaunti, wahuni watamzunguka huku yeye akivuta tasbihi, na kila karatasi ya wizi itakuwa na sahihi yake.

Inafuata kwamba tusiulize tu kama mgombea ni mwema. Tuulize ni mwema kwa kazi gani. Mwakilishi wadi, katika zile wadi 60 za Kakamega, hajengi barabara ingawa wengi huahidi hivyo. Kazi yake ni kutunga sheria za kaunti, kusema kwa niaba ya wadi, na kumchunguza gavana. Makadirio ya bajeti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Aprili 30, kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai 1. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutakiwa ndani ya miezi 6 baada ya mwaka kufungwa, kisha bunge lina miezi 3 ya kuijadili na kuchukua hatua. Mtu wa kazi hiyo anahitaji tabia moja kuliko zote: aweze kusema hapana kwa mtu anayemlipia safari. Ukarimu wake msibani haukuonyeshi hilo.

Utaijuaje tabia hiyo? Imepokewa kwamba Umar bin al-Khattab alimkatalia mtu aliyemsifu mwenzake, akamuuliza: je, wewe ni jirani yake? Umefanya naye biashara ya dinari na dirhamu? Umesafiri naye? Aliposema la, Umar akamwambia humjui, pengine ulimwona tu msikitini akiinuka na kuinama. Fanyeni hivyohivyo. Waulizeni waliokuwa naye kwenye bodi ya shule, kwenye chama cha wakulima, waliomkopesha, waliomfanyia kazi kama aliwalipa mshahara wao. Kama amewahi kushika cheo, kaeni na ripoti ya mkaguzi na orodha ya miradi ya wadi yenu, muende mkaitazame mmoja mmoja. Hati mkizikosa, sheria ya 2016 ya kupata habari inawapa haki ya kuziomba kwa maandishi, na afisa ana siku 21 za kujibu. Kikundi cha akina mama kumi wenye barua iliyopigwa muhuri wa kupokewa ni kitu kinachoogopwa kuliko mnavyodhani.

Na hapa niseme neno kwa kamati zetu za misikiti. Mgombea akileta zulia na mabati miezi miwili kabla ya kura, mkampa kipaza sauti baada ya Ijumaa, kipimo cha Ibn al-Lutbiyya kinawahusu na nyinyi.

Kuhusu kusengenya: asili yake ni haramu, lakini wanazuoni wameruhusu kutaja aibu ya mtu kwa mwenye kudhulumiwa anayeshtaki, na kwa anayetahadharisha watu. Fatima binti Qays alipomtaka Mtume ushauri kuhusu wanaume wawili waliomposa, Mtume alimwambia wazi kwamba Muawiya hana mali na Abu Jahm hashushi fimbo begani, yaani hupiga wanawake (Muslim). Ikiwa hilo lafaa kwa ndoa ya mwanamke mmoja, lafaa kwa wadi nzima. Masharti ni haya: useme unachokijua kwa ushahidi, kisichozidi haja, kinachohusu kazi yake. Ndoa yake iliyovunjika, ugonjwa wake, na uvumi wa simu usio na mwenyewe haviingii hapo. Aya ya sita ya Al-Hujurat inatutaka tuhakikishe kwanza.

Ama kijana wako. Pesa ile ni rushwa, na Mtume amemlaani mtoaji na mpokeaji (Abu Daud na Tirmidhi). Sheria ya makosa ya uchaguzi ya 2016 pia inawashika wote wawili. "Kula kwake, kura kwetu" haimwokoi, kwa sababu anayekula akinuia kutotimiza ameongeza udanganyifu juu ya rushwa, na anayetimiza ameuza ushahidi wake, maana kura ni ushahidi kwamba mtu anafaa. Katika watu watatu ambao Allah hatawasemesha Siku ya Kiyama yumo aliyempa kiongozi utiifu kwa ajili ya dunia tu, akipewa anatimiza, asipopewa hatimizi (Bukhari na Muslim). Airudishe ile 500 kwa wakala, na awe na mtu wa kushuhudia. Akiogopa kudhuriwa au asimpate, aitoe kwenye maslahi ya watu wote, kama vile kukarabati kisima, bila kutarajia thawabu ya sadaka, maana si mali yake.

Kiapo chake kimefungika, lakini hakimlazimishi kutenda asilolijua kuwa ni haki. Mtume amesema mwenye kuapa kisha akaona lililo bora kuliko lile, afanye lililo bora na atoe kafara. Ampigie anayemwona anastahili, kisha atoe kafara iliyotajwa katika Al-Maida, aya ya 89: kulisha masikini kumi au kuwavisha. Katika madhehebu yetu ya Shafi kila masikini hupewa kibaba kimoja cha chakula cha watu wa mji, na ukichukua tahadhari ukakifanya robo tatu ya kilo, jumla ni kilo saba na nusu. Gorogoro nne za mahindi zinatosha na kubaki. Wawe masikini kumi kwa hesabu, asimpe mmoja zote. Asiye na uwezo kabisa hufunga siku tatu, lakini kijana anayenunua bando kila siku asikimbilie saumu. Na mara nyingine akiletewa msahafu kwa ajili ya pesa, asiuguse.

Wallahu aalam.