Njuga Mlangoni

Barua za safari hii karibu zote zinahusu watoto wa mbwa na sakafu zilizolowa. Nimechagua zile ambazo majibu yake yanaweza kuwafaa na wengine.

SWALI: Shikamoo shangazi. Tuna mtoto wa mbwa, jike, wa wiki 11. Tukimtoa nje anakimbia huku na huko, anatafuna majani, hakojoi. Akirudi ndani tu, anachuchumaa kwenye zulia. Halii, hakwaruzi mlango, hatoi dalili yoyote. Mume wangu anasema ni mkaidi. Nimesikia mbwa anaweza kufundishwa kupiga kengele akibanwa. Je, ni kweli? *Aliyechoka Kudeki*

JIBU: Marahaba mwanangu. Ni kweli, na mbwa wengi hulishika somo hilo mapema kuliko watu wa nyumbani. Ila kwanza nimtetee huyo mtoto. Kwa umri huo misuli ya kuzuia mkojo haijakomaa. Kipimo cha kukadiria tunachotumia sisi wafunzaji ni saa moja kwa kila mwezi wa umri, na ukiongeza moja basi awe ametulia kabisa. Wako, akiwa amelala, huenda akajizuia saa mbili hadi tatu. Akiwa macho anacheza, hata nusu saa inaweza kumshinda. Mwambie baba wa nyumba ukaidi hauhusiki hapo.

Na dalili anazitoa. Anaacha mchezo ghafla, pua inashuka sakafuni, anazunguka mahali pamoja, anaelekea pembeni au nyuma ya kochi. Tabu ni kwamba kati ya dalili na mkojo kuna sekunde chache, nanyi macho yako kwenye simu. Kengele ni nzuri kwa sababu inasikika hata kwa asiyetazama. Lakini haimfundishi mbwa kujizuia, wala haimwonyeshi choo kilipo. Inampa njia ya kusema jambo ambalo sharti awe amekwisha kulijua, kwamba haja inaendewa nje. Wenu hajalijua. Kwake nje ni uwanja wa michezo na zulia ndilo choo.

Anzeni hapo. Mtoeni akiwa kwenye kamba, mpeleke mahali palepale kila mara, msimame kama mti, bila mazungumzo wala mpira. Akimaliza (akimaliza kabisa, msimkatize katikati kwa shangwe), mpeni kitafunwa palepale, ndani ya sekunde moja au mbili, kisha mfungulie acheze. Mkingoja ndani ndipo mumpe, atadhani mmemlipa kwa kuingia mlangoni. Zikipita kama dakika tano hajafanya kitu, rudini naye ndani, lakini asiachiwe: akae kwenye kamba kiunoni mwako, mapajani, au kizimbani. Baada ya dakika kumi au kumi na tano mtoke tena. Saa za kutoka mnazijua bila kengele: akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza, na kabla ya kulala. Chakula kikiingia tumboni huamsha utumbo, kwa hiyo msishangae haja kubwa ikifuata muda mfupi baada ya bakuli.

Akianza kukojoa nje bila kuzubaa, leteni njuga. Ziwe kubwa kiasi cha kutomezeka, na zisiwe na mpasuko wa kunasa ukucha au jino. Usizitundike mlangoni kwanza. Zishike mkononi, mbali na mlango, karibu na pua yake. Atazinusa, maana mbwa hunusa kila kitu. Pua ikigusa tu, kitafunwa. Rudia mara chache, pumzika, msichoshane. Akizifuata mwenyewe hata ukizisogeza kushoto au kulia, ndipo uzitundike kwenye mlango, usawa wa pua yake.

Sasa kila mnapokwenda chooni (nasema kila, hata kama mmechelewa), mnasimama mlangoni, anagusa, mlango unafunguka papo hapo, mnakwenda mahali penu. Kuanzia hapa kitafunwa cha mlangoni kinakoma. Malipo ya kugusa ni mlango kufunguka, na kitafunwa kinangoja nje baada ya haja. Watu wengi huharibu kazi hapa: wanaendelea kulisha mlangoni, mbwa anakuwa mpiga njuga hodari ambaye hana habari na choo.

Siku atakapopiga mwenyewe, bila kuambiwa, hiyo ni hodi ya kutoka, na hodi hujibiwa. Acha sufuria, acha simu, nenda. Mtu akiipuuza mara kadhaa katika siku hizo za mwanzo, mbwa atahitimisha kwamba chuma kile hakina kazi na atarudi kwenye zulia. Kwa hiyo kubalianeni nyumba nzima, hata watoto, hata mgeni wa wiki moja.

Wengine hupendelea kumfundisha mbwa kubweka ili afunguliwe. Mimi sishauri. Anayebweka apate mlango atabweka apate mpira, kisha chakula, kisha alfajiri mtakapokuwa usingizini.

SWALI: Dada, habari za kazi. Mbwa wangu ana miezi sita, alijifunza kengele vizuri sana. Sasa anaipiga kila dakika. Nikimtoa, hakojoi, anafukuza ndege. Niing'oe? *Mtumwa wa Kengele*

JIBU: Usiing'oe. Amegundua kwamba inafungua mlango wa starehe, na amefikiri sawasawa. Kazi yako ni kufanya safari ya kengele iwe ya kuchosha. Akipiga, mvalishe kamba, nenda mahali pa haja, simama, hesabu dakika tatu. Hajafanya? Mnarudi ndani bila neno. Akifanya, kitafunwa, kisha umwache akimbie. Wakati huohuo mpangie michezo ya nje unayoianzisha wewe, bila kengele kuhusika, kwa sababu mbwa wa miezi sita ana nguvu nyingi na ndege wanavutia kweli. Siku chache za mwanzo anaweza kuzidisha kupiga. Vumilia.

Ila angalia jambo moja kabla ya kumwita mjanja. Kama anapiga mara kwa mara na kila safari anatoa matone tu, au anajikamua kwa shida, au anajilamba sana sehemu za siri, au mkojo una damu, hayo yanaweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo. Na akinywa maji kupita kawaida pia kuna jambo. Mpeleke kwa daktari wa mifugo. Hakuna mafunzo yatakayotibu hilo. Akijikamua na hakuna kinachotoka kabisa, usingoje kesho.

SWALI: Baba mkwe anasema nimsugue mbwa pua kwenye mkojo wake na kumchapa na gazeti, ndivyo walivyofanya zamani. Nifanyeje? *Mkwe Mwema*

JIBU: Mheshimu mzee, umtengee chai, na usifanye hivyo. Mbwa haunganishi kipigo na mkojo wa robo saa iliyopita. Anachokiona ni kwamba mtu na mkojo vikikutana, kuna hatari. Matokeo yake anajificha nyuma ya kabati kukojoa, na nje, ukiwa umeshika kamba, anajibana kwa woga. Hapo hata njuga hazitakusaidia, maana utakuwa umemfundisha kukuficha.

Ukimkuta katikati ya tendo, mwite kwa sauti ya kawaida, mbebe, mtoe. Ukikuta dimbwi tayari, futa tu. Tumia dawa ya kusafishia yenye vimeng'enya vinavyovunja mkojo, kwa sababu harufu ikibaki pua yake itairudia. Epuka dawa zenye amonia: kwake harufu hiyo ni ya mkojo mwingine.

SWALI: Mtoto wetu wa mbwa anaogopa mlio wa njuga. Zikilia anakimbilia chini ya meza. *Wa Chini ya Meza*

JIBU: Zifunge kitambaa hadi zisitoe ila mtikisiko mdogo, uanze tena mkononi, na kila siku ulegeze kidogo. Usimvute wala usizitikise wewe mbele yake. Yeye ndiye azifanye zilie. Akiendelea kuogopa, achana nazo, umfundishe kuketi mbele ya mlango. Kuketi hakuna sauti, kwa hiyo itakufaa ikiwa mlango huo unaonekana kutoka mahali mnapokaa mara nyingi.