Kabla ya kuchomeka kadi ya AGP, kagua mwanya wake

Ukitaka kufufua kompyuta ya miaka ya 1990 au ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, usianze kwa kuuliza kadi ya picha ina nguvu kiasi gani. Anza na sloti, yaani tundu refu la kuchomekea kadi kwenye bodi kuu: ni ya aina gani, na inatoa volti ngapi?

ISA, sloti ya zamani kuliko zote hapa, haina shida kubwa. Ya biti 8 ilikuja na IBM PC mwaka 1981, ya biti 16 mwaka 1984, na kadi fupi kwa kawaida hufanya kazi kwenye sloti ndefu. Ubaya wake ni mwendo tu, megahezi 8 hivi.

VESA Local Bus ya mwaka 1992, ile sloti ndefu yenye kipande cha kahawia mbele ya ISA, ndiyo korofi. Imeungwa karibu moja kwa moja na prosesa ya 486, kwa hiyo inafuata mwendo wa basi (njia ya kupitisha data) ya prosesa hiyo. 486DX2-66 haina matata, maana basi yake ni megahezi 33. Lakini 486DX-50 inaendesha basi kwa megahezi 50, na hapo kadi nyingi hutoa picha yenye takataka au mashine hukwama. Tafuta jampa (kifuniko kidogo cha pini za kubadili mpangilio) ya kuongeza wait state, yaani muda wa kusubiri, kwenye bodi, au shusha mwendo wa basi. Unapochomeka, egemeza bodi kwa chini kwa sababu kadi ni ndefu na hubana sana. Bodi ikipinda, nyaya zake nyembamba hukatika.

PCI, sloti ya kadi za kila aina, ni salama zaidi, ila megabaiti zake 133 kwa sekunde zinagawanywa kati ya kadi zote zilizomo. Ndiyo sababu AGP ilitengenezwa: sloti moja, ya kadi ya picha peke yake, iliyoanza kuonekana kwenye bodi mwaka 1997.

Na AGP ndiyo inayounguza vitu. Watu husoma 2x, 4x au 8x wakadhani ni suala la kasi tu, wakasahau umeme. AGP ya kwanza, ya 1x na 2x, hutumia volti 3.3. Ya 4x hutumia volti 1.5, na 8x hushusha ishara hadi volti 0.8. Tazama meno ya kadi: mwanya ulio karibu na bati la nyuma ni wa volti 3.3, ulio mbali nalo ni wa volti 1.5. Kadi yenye mianya yote miwili inatakiwa kukubali volti zote mbili, hivyo kadi ya 4x ya aina hiyo itafanya kazi kwenye bodi ya chipseti (chipu kuu za bodi) ya Intel 440BX, ya volti 3.3, kwa 2x. Kigingi kilicho ndani ya sloti kinafuata mpango huohuo. Sloti isiyo na kigingi hupokea kadi za volti zote mbili.

Lakini usiamini mianya peke yake. Zipo kadi za zamani za volti 3.3 zilizokatwa mianya miwili. Ukiichomeka kadi ya namna hiyo kwenye bodi ya Intel 845, ambayo ni ya volti 1.5 tu, unaweza kuua chipseti. Tafuta namba ya modeli ya kadi kwanza. Ikiwa ni ya 1x au 2x tu, iepushe na bodi hiyo.

Kwa kuchomeka: chomoa waya wa umeme ukutani, sukuma kadi hadi ikae sawasawa, kisha funga skrubu ya bati. Kadi ya AGP iliyoinuka kidogo tu upande wa mbele ndiyo chanzo cha kawaida cha skrini nyeusi na milio ya bipu. Kama kadi ina tundu la umeme la pini 4, lipatie waya wake wenyewe kutoka pawa saplai, usiugawane na diski.

Picha ikigoma kabisa, weka kadi ya PCI ya bei ndogo, ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta, kabla ya Windows kuanza), na uangalie mpangilio wa kadi inayoanza kwanza: AGP au PCI. Picha ikija lakini michezo ya 3D inakwama kwenye Windows 98, shusha 4x hadi 2x, na hakikisha dereva (programu za kuendesha vifaa) za chipseti zimewekwa kabla ya dereva ya kadi.