Sura tatu kwa siku zilinishinda, mistari mitano ikanishika

Mpendwa, umesema unasoma Biblia kila siku lakini ukishaifunga hukumbuki kitu, na unauliza watu wanapataje mizizi. Hapo umenisema mimi kabisa.

Nilianza na mpango wa kumaliza Biblia kwa mwaka. Sura 1,189 ukizigawa kwa siku 365 ni tatu na ushee. Mwanzo na Kutoka niliteleza vizuri. Nikafika Walawi 13, mistari 59 ya vipele, mabaka na ukoma, nikasinzia kalamu ikiwa mkononi. Siku tatu zikanipita, nikawa na deni la sura kumi, nikawa nasoma macho yanakimbia na moyo haupo. Nikaacha kimyakimya. Kanisani niliendelea kuitikia amina kama kawaida.

Kilichonirudisha ni neno "kutafakari" la Zaburi 1:2. Kitenzi chake cha Kiebrania, hagah, ndicho kinachotumika Isaya 31:4 kwa simba anayenguruma juu ya mawindo yake. Kumbe si kukaa kimya na kuwaza! Ni kutoa sauti ya chini, unarudiarudia, huachii.

Nikaanza upya na Marko, sura 16 tu, mistari mitano hivi kwa siku. Simu inabaki chumba kingine (hili msilichukulie poa). Nasoma kwa sauti mara tatu, halafu nanakili mstari mmoja kwa mkono. Siku moja nikafika 4:38, Yesu katika dhoruba, "amelala juu ya mto". Miaka yote nilikuwa naupita huo mto kama vile ni wa maji. Ni mto wa kulalia! Chombo kinajaa maji, Yeye ameegemeza kichwa.

Baadaye nikasingiziwa jambo zito kazini. Usiku ule maombi hayakutoka. Kilichokuja ni yale maneno ya wanafunzi, "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Niliyanong'ona gizani sijui mara ngapi. Jibu sikupata, ila usingizi nilipata, na shauri lenyewe lilichukua miezi. Sikuwa nimekariri kwa ajili ya siku hiyo. Nilikuwa tu nimenakili kwenye daftari.

Kwa hiyo punguza, soma kwa sauti, andika. Ukikosa siku usilipe deni, endelea ulipoishia. Wanaoweza sura nne kwa siku na zikawakaa, Mungu awabariki, mimi siyo mmoja wao.

Walawi 13 niliirudia baada ya kukaa siku mbili kwenye Marko 1:41, pale Yesu anaponyosha mkono na kumgusa mwenye ukoma. Safari hii nilipofika mstari wa 45 na 46, mgonjwa analia "Ni najisi, ni najisi" na kukaa peke yake nje ya kambi, sikusinzia.