Yule bwana wa kwenye picha si tajiri

Mama mkubwa, shikamoo. Baraka, mpwa wangu, salama? Tangu mlipoiona picha niliyopiga na yule pandikizi la mtu mwenye helmeti, swali ni lilelile: nina rafiki mchezaji wa mpira wa Marekani, mbona simwombi amtafutie Baraka nafasi, na kijana mwili anao? Nawajibu wazi.

Yule bwana nafanya naye kazi ghalani hapa Des Moines, Marekani, zamu ya usiku. Anabeba boksi kama mimi. Amecheza zaidi ya miaka kumi katika ligi ndogo za ukumbini, akihama timu kila moja ilipokufa, na NFL, ligi kuu ya mchezo huu, hajaikanyaga hata mechi moja. Huko NFL, kima cha chini cha mshahara wa mwaka wa mchezaji mpya mwaka 2024 kilikuwa dola 795,000. Ligi ya Arena, iliyovuma kuliko zote za ukumbini, ilifilisika 2009. Ilipofufuliwa 2010, mchezaji wa kawaida alilipwa kama dola 400 kwa mechi. Ikafa tena 2019. Na msimu ni miezi michache tu. Ukiisha, chumba cha klabu anakirudisha, anarudi kwenye maboksi.

Kazi yake uwanjani ni kusimama mstari wa mbele na kuzuia majitu ya timu pinzani yasimfikie mrushaji, yule anayewarushia wenzake mpira. Mpira wenyewe haushiki. Uwanja wa ukumbini una urefu wa yadi 50, nusu ya ule wa nje, na umezungushiwa kuta zenye magodoro, kwa hiyo ni kifua kwa kifua tangu mwanzo hadi mwisho. Enzi za waliomtangulia, watu walewale walioshambulia ndio pia waliolinda, maana ndiyo ilikuwa sheria ya Arena mpaka ilipobadilishwa 2007. Magoti yake nayaona akishuka ngazi za ghala: anashuka kinyumenyume.

Nilimuuliza kwa nini haachi. Akanitajia Kurt Warner, aliyepanga bidhaa kwenye rafu za duka usiku, akacheza Barnstormers, timu ya ukumbini ya mji huu, kisha akatwaa Super Bowl, fainali ya NFL, na timu ya Rams Januari 2000. Ni kweli tupu. Lakini Warner alikuwa mrushaji, macho yote yako kwake. Halafu akasema jingine, na hilo ndilo nililoliamini: akiwa amejipanga na wenzake pale mbele, anajiona mtu kamili. Namheshimu sana kwa hilo.

Baraka, utanitajia Daniel Adongo wa Kenya. Yule aliposajiliwa na Indianapolis Colts, timu ya NFL, mwaka 2013 alikuwa tayari mchezaji wa raga wa kulipwa, na hata hivyo hakudumu.

Ukitaka kuja kwa ajili ya chuo au kazi, nipigie, nitakutajia mshahara, kodi ya nyumba na bima bila kuficha senti. Ila mama mkubwa, shamba la Kasulu lisiuzwe kwa ajili ya mpira huu.